Jinsi ya Kuwa Jenerali wa Kijiwe, Tunduma

Kwanza chagua mahali pa kuweka kiti. Tunduma ni mji ambao simu yako inaweza kusafiri nje ya nchi wewe ukiwa umekaa kitako unapuliza chai. Mtandao wa upande wa Nakonde ukizidi nguvu, simu inaudaka, ujumbe wa kukukaribisha Zambia unaingia, na saa inarudi nyuma dakika 60, kwa kuwa wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukisogea hatua chache kuelekea Mlowo, inarudi nyumbani bila kugongewa muhuri. Mchambuzi wa vita asikae penye utata wa namna hiyo. Ukitangaza kwamba shambulio limetokea "sasa hivi", kuna mtu atauliza sasa hivi ya nchi gani.

Naandika mwongozo huu kwa sababu kijiwe chetu, kando ya barabara kuu iendayo mpakani, hakina jenerali kwa sasa. Aliyekuwepo amehamia Vwawa kufuata biashara ya kahawa, na pengo lake linaonekana. Maswali hayajapungua. Tangu vita vya Ukraine vilipopamba moto Februari 2022, na zaidi tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 Januari 2025, watu wanauliza mambo ambayo muuza chai hawezi kuyabeba peke yake. Mimi naishikilia kwa muda tu; nafasi iko wazi. Si lazima uwe umepitia JKT. Kwa kweli ni afadhali usiwe umepita, maana waliopita hukumbuka jembe na mchakamchaka kuliko makombora. Unahitaji bando, sauti isiyokauka, na uwezo wa kutamka herufi na tarakimu bila kupepesa macho: T-72, S-300, BM-21. Mtu anayetaja herufi na tarakimu habishiwi, kama vile daktari habishiwi majina ya dawa.

Kanuni ya kazi ni moja tu: usiseme "sijui".

Swali la siku ya kwanza litakuwa lile la "nani ana zana kali?" Litaletwa na dereva wa lori aliyekaa kwenye foleni ya mpakani hadi akaishiwa na watu wa kubishana nao. Usimjibu haraka. Vuta kiti, muulize: "Kali kwa umbali au kali kwa wingi?" Swali hilo halina maana yoyote, ila litakupa muda wa kufungua simu. Kisha shuka na mfano wa nyumbani. BM-21 ni mabomba 40 ya milimita 122 yaliyopangwa juu ya mgongo wa lori, na yakiamriwa yanamwaga roketi zote ndani ya nusu dakika. Jeshi letu lilikwenda nayo Uganda mwaka 1979, na Waganda wakaibatiza "saba saba". Ukifika hapo kijiwe kitanyamaza kwa heshima, na huenda mtu akakulipia andazi.

Angalia tu kama mzee wa betri yupo. Sisi tunaye mzee mmoja anayeuza betri na vitaa vya sola, na yeye alikwenda Uganda kweli. Kila ninapofika kwenye mabomba 40, huinua kichwa na kuuliza: "Na miguu?" Maana katika vita vile anachokikumbuka ni miguu. Kutoka Kagera hadi Kampala askari wengi walikwenda wakitembea, na kwa kuwa magari ya jeshi hayakutosha, serikali ilikusanya malori na mabasi ya raia. Mzee anasema yeye alifika Bukoba kwa basi la abiria, na dereva, kwa mazoea, aliposimama aliwaambia wasisahau mizigo yao. Mtu wa namna hii anaweza kukuvunjia uchambuzi wote. Ukimwona, badili mada.

Badili iwe bunduki. "Bunduki bora duniani ni ipi?" Vijana wanasubiri utaje Kalashnikov ili wapige meza. Waangushie jibu wasilolitarajia: bunduki bora ni ya adui. Kisha kaa kimya, kunywa chai, waache waombe maelezo.

Maelezo yenyewe ni haya. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika nchi hii walikuwa na Mauser ya mwaka 1871, inayotumia baruti nyeusi. Ukifyatua risasi moja tu, wingu la moshi linapanda juu ya kichwa chako kama mtu anayewasha kuni mbichi, na adui hahitaji darubini. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, hakuwa na njia ya kuagiza nyingine kutoka Ujerumani, kwani manowari za Uingereza zilikuwa zimeziba bahari. Basi akaletewa na Waingereza wenyewe. Novemba 1914 walishuka Tanga na jeshi kubwa kutoka India, wakapigwa, wakapanda meli zao kwa haraka kiasi kwamba waliacha ufukweni bunduki 455, bombomu 16, risasi 600,000 na simu za uwanja wa vita. (Mtu atauliza kuhusu nyuki. Ndiyo, nyuki walikuwepo Tanga. La, hawakufundishwa na Wajerumani, ingawa huko London ilidaiwa hivyo. Nyuki wale hawakuuliza utaifa wa mtu, waliuma pande zote mbili.)

Ruka miaka minne. Tarehe 25 Novemba 1918 jeshi hilohilo liliweka silaha chini Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, upande wa pili wa mpaka wetu kama unaelekea Ziwa Tanganyika. Orodha ya makabidhiano ni ya kusoma polepole: mzinga mmoja, wa Kireno. Bombomu 37, na 30 kati yake ni za Kiingereza. Bunduki 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Kaisari wa Ujerumani halikuwa na bunduki ya Kijerumani ya kukabidhi. Kwa lugha ya hapa mpakani, mzigo ulirudi kwa mwenyewe, na wala haukulipiwa ushuru.

Hapo mtu atauliza kama vita hivyo vilifika kwetu. Vilifika, na usiiache nafasi hiyo ipite, maana mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 tu kwa kumegwa kutoka Mbeya, hauna majigambo mengi ya kihistoria zaidi ya kile kimondo cha Mbozi, ambacho nacho hatukukitengeneza. Mwishoni mwa Oktoba 1918 Lettow alipita Mbozi, kwenye misheni ya Wamoraviani, akitafuta ghala la chakula la Waingereza. Akakuta limehamishiwa Fife, pale jirani na Nakonde. Akakaza mwendo. Tarehe 1 Novemba alipofika Fife, Waingereza walikuwa wamemtangulia na kuchimba mahandaki. Wakapigana, ghala halikupatikana, akaambaa kuelekea Kasama. Kwa maneno mengine, nchi yetu ilifanyiwa kile inachofanyiwa hadi leo na malori ya shaba: ilipitwa.

Sasa tuje kwenye swali litakalokulisha kwa muda mrefu kuliko mengine: "Wanajeshi huwasilianaje vitani?"

Jibu fupi ni kwamba huwasiliana vibaya. Jibu refu ndilo litakalokupa chai ya pili.

Kuna kijana atakayejitia ujuzi wa redio za mkononi na kukuuliza kwa nini askari husema "ova" akimaliza sentensi. Hilo lipite haraka. Simu ya upepo ya aina ile hupokea au hutuma, haifanyi yote mawili kwa pamoja, hivyo lazima mmoja atangaze kwamba amemaliza ndipo mwenzake aanze. Ukitaka kujua faida ya neno hilo, sikiliza kijiwe chetu saa mbili usiku mechi ikiwa imekwisha. Hakuna aliyesema "ova" pale tangu kifunguliwe.

Anza na waya. Cecil Rhodes alitaka waya wa simu utoke Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo. Ukaja ukipanda kando ya Ziwa Nyasa, ukapita Karonga, Fife na Abercorn, ukaingia katika nchi ya Wajerumani kwa makubaliano, mwanzoni mwa karne ya 20 ukafika Ujiji, na hapo ukaishia. Cairo inausubiri mpaka leo. Kwa hiyo mpaka huu ulikuwa na mawasiliano ya kisasa kabla haujawa na barabara ya gari, na mtu akilalamika kijiweni kwamba mtandao umekatika, mweleze kwamba ni mila.

Kisha simulia kisa cha Ziwa Nyasa, na usikiharakishe. Uingereza ilitangaza vita tarehe 4 Agosti 1914. Habari zikafika kwa waya upande wa Nyasaland, Malawi ya leo, na kapteni wa meli Gwendolen, Mwingereza aitwaye Rhoades, akaamriwa akaitafute meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann. Tarehe 13 akaikuta Sphinxhaven, mahali tunapopaita Liuli, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Akaipiga mzinga. Sasa, kapteni wa Wissmann, Berndt, alikuwa rafiki yake wa kunywa naye. Husimuliwa kwamba alitoka kwa mashua, amefura kwa hasira, akimuuliza mwenzake kama amelewa. Hakuwa amelewa. Ilikuwa siku ya tisa tangu vita vitangazwe, na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia Berndt. Rhoades akampa taarifa, akamteka, wakaenda zao. Ziwa zima likawa la Waingereza kwa sababu ya waya mmoja uliofika upande mmoja.

Kijiwe kikimaliza kucheka, waulize ni adui gani aliyeharibu simu za Wajerumani kuliko mwingine yeyote. Watasema ndege, watasema majasusi. Mwambie aliyesema majasusi kwamba amekaribia, maana adui huyo alikuwa na shingo ndefu na alikuwa akitembea usiku. Ni twiga. Waya ulipofungwa kwenye nguzo fupi za kuungaunga au kwenye matawi ya miti, twiga alipita, akaondoka nao shingoni bila kujua kwamba amekata mazungumzo ya maofisa wawili. Lettow mwenyewe ameandika malalamiko hayo. Na kwa kuwa vile vikombe vya kushikia waya kwenye nguzo havikuwepo, mafundi wake walitumia shingo za chupa zilizovunjwa, na waya wenyewe waliutoa kwenye uzio wa mashamba. Ukilitazama jambo hilo kwa makini utaona kwamba huduma ya simu ilitegemea kasi ya watu kunywa. Jeshi lililoacha pombe lingepoteza mawasiliano ndani ya wiki moja.

Wapo watakaotaka kitu cha angani, kwa sababu siku hizi kila swali linaishia kwenye droni. Usiwanyime. Tarehe 21 Novemba 1917 puto refu la vita la Wajerumani, L59, liliondoka Jamboli huko Bulgaria kuja kumwokoa Lettow. Lilibeba tani zipatazo 15: bombomu, risasi, dawa, hata vifaa vya kushonea. Halikukusudiwa kurudi. Likitua lingekatwakatwa, kitambaa chake kiwe mahema na nguo. Likavuka Misri, likafika magharibi ya Khartoum, na hapo likapokea kwa simu ya upepo amri ya kurudi, kwa kuwa huko Ujerumani walikuwa wamekata tamaa kwamba eneo la kutua bado liko mikononi mwa watu wao. Likageuza. Lilitua Jamboli tarehe 25 baada ya saa 95 angani na zaidi ya kilomita 6,700, na mzigo haukumfikia Lettow. Siku hiyohiyo Lettow alikuwa anavuka mto Ruvuma kuingia katika nchi ya Wareno, kwenda kutafuta bunduki kwa njia yake ya kawaida. Dereva wa lori ambaye amewahi kufika mpakani na nyaraka pungufu, akaambiwa arudi na mzigo Dar es Salaam, ataielewa L59 kuliko mwanahistoria yeyote.

Hifadhi kisa cha Chambeshi kwa siku ambayo kijiwe kimejaa.

Ulaya ilinyamaza tarehe 11 Novemba 1918, saa tano asubuhi ya huko. Huku kwetu hakuna aliyenyamaza, kwa sababu hakuna aliyeambiwa. Lettow alikuwa ameshafika Kasama na watu wake wanasonga kuelekea mto Chambeshi. Tarehe 13 risasi bado zilikuwa zinalia. Siku hiyo watu wake wakamkamata mpanda pikipiki wa Waingereza aliyekuwa amebeba barua za jeshi lake, na ndani yake ikiwemo taarifa kwamba vita vimekwisha. Lettow alikuwa njiani juu ya baiskeli, na ofisa wake akamfuata kwa baiskeli kumpa habari. Kesho yake, tarehe 14, hakimu wa Kiingereza, Hector Croad, akaja kwenye mto na ujumbe rasmi. Leo pana mnara wa kumbukumbu pale Chambeshi.

Ichambue hali hiyo mbele ya wateja kwa sauti ya chini. Vita vilivyohusisha manowari, ndege, waya wa Rhodes na puto la kutoka Bulgaria vilikoma kwa sababu bodaboda mmoja alipotea njia. Kama angekuwa mjanja wa vichochoro kama wa kwetu, wangepigana hadi Krismasi. Na Kaisari ambaye wale watu walikuwa bado wanampigania alikwishaacha kiti tarehe 9 na kukimbilia Uholanzi. Lettow alikuwa na bosi ambaye hayupo na vita ambavyo havipo, na alivishinda vyote viwili kwa muda wa siku mbili.

Chambeshi haikuishia hapo, na hii itakusaidia kwa lile kundi linalopenda makomando. Oktoba 1979, wakati wanasiasa wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, wakiwa London wanajadiliana Lancaster House, makomando wa nchi hiyo waliruka kwa miavuli usiku kaskazini mwa Zambia, wakapiga makasia ya mitumbwi ya kukunja kwenye mto uleule, wakalipua madaraja ya Chambeshi, la barabara na la reli ya TAZARA. Operesheni yenyewe iliitwa "Jibini". Sijatunga, waliipa jina la maziwa yaliyoganda. Reli ile ya kilomita 1,860, iliyojengwa na Wachina ili Zambia isilazimike kupita kwa Wazungu wa kusini, ikakatika, na Zambia ikarudi kuwategemea haohao Wazungu wa kusini kwa mahindi. Na makomando hao, baada ya miavuli, mitumbwi na baruti, walirudi kwao kwa usafiri gani? Waliteka lori la raia. Mzee wa betri alipolisikia hilo aliinua mkono kama mtoto darasani, akasema: "Si niliwaambia?" Sikumpa nafasi ya kuendelea.

Kuna maswali mengine madogo ya kujazia jioni. Kifaru kinakula mafuta kiasi gani? Mengi, onyesha kidole kwenye foleni ya matangi ya mafuta na utikise kichwa. Je, Tanzania inaunda zana zake? Taja gari la Nyumbu la Kibaha na kiwanda cha Mzinga cha Morogoro, halafu sema kwamba mengine huwezi kuyasema hadharani. Sentensi hiyo ya mwisho inafaa kwa swali lolote duniani, itunze.

Linabaki swali moja ambalo kwa miaka yote niliyokaa kijiweni sijalisikia likiulizwa, na ndiyo maana nilidhani halina hatari. Bombomu zile, risasi 600,000 zile, mizinga ya manowari Königsberg ambayo Wajerumani waliiopoa Rufiji mwaka 1915 na kuisambaza nchi nzima, nani alikuwa anazibeba? Mbung'o waliua ng'ombe na punda. Barabara za gari zilikuwa za kuhesabika. Jibu ni watu. Pande zote mbili zilichukua wapagazi, kwa ujumla zaidi ya milioni moja. Upande wa Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland waliitwa tengatenga. Dar es Salaam ilibakiwa na jina la kambi yao, ambalo wengi hudhani ni jina la soko tu: Kariakoo, kutoka jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi.

Nikaona hiki ni kitu kizuri cha kuonyeshea hesabu, maana jenerali asiyejua hesabu hapewi kiti. Nikachukua mkaa nikaandika kwenye kipande cha boksi. Mpagazi anabeba kilo 25 za unga. Anakula kama kilo moja kwa siku. Kutoka ghalani hadi mstari wa mbele ni siku 12. Akifika ameshakula 12, zimebaki 13. Anahitaji 12 za kurudia. Basi ametembea siku 24 kumpelekea askari kilo moja. Ndiyo sababu nyuma ya kila mtu mwenye bunduki kulikuwa na msururu wa watu wasio na bunduki, na nyuma ya hao wengine wa kuwabebea chakula wao. Mashamba kuanzia Mbozi hadi Kasama yakakosa watu wa kulima, na aliyepata kulima alichukuliwa alichovuna. Waingereza peke yao waliandika vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa, na wapo wanahistoria wanaoamini kwamba waliokufa walikaribia 100,000. Vita vilipokwisha ikaja homa ya mafua ya 1918, ikawapata waliobaki Abercorn na njiani wakirudishwa. Homa hiyo haikuhitaji waya wala pikipiki.

Mtu akauliza kama walilipwa. Nikampa kisa cha Mwanza. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa Lettow malimbikizo yao, na husimuliwa kwamba walijitokeza wazee kama 350, wachache tu wakiwa na karatasi. Ofisa wa benki akampa kila mmoja ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani aushike kama bunduki: begani, chini, begani. Hakuna aliyekosea. Kijiwe kilipenda sana hapo. Watu wawili walisimama kuigiza kwa fagio la muuza chai.

Tatizo lilitoka pembeni. Kuna kijana anayefanya kazi ya kubeba mizigo ya watu kuvuka kwenda Nakonde na kurudi, mafuta ya kupikia akienda, mchele akija, anachobebeshwa hachagui. Alikuwa amekaa juu ya gunia lake akisubiri mwenye mali, na nilidhani hasikilizi. Akaja, akachukua lile boksi langu, akalitazama kwa muda.

"Mkubwa," akasema, "hizi kilo 25 ni mzigo mwepesi. Sasa hao nao walipewa ufagio?"

Nikamwambia huo ulikuwa mtihani wa askari.

"Wao wangepewa nini?"

Nikasema labda gunia. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaweka kidole kwenye zile kilo 13.

"Na hapa, siku ya 13, akiumwa asiweze kurudi. Hizi 12 za kurudia anakula nani?"

Mzee wa betri aliacha kufungafunga vitaa vyake akanigeukia. Muuza chai naye akashusha birika. Nilijua kanuni ya kazi inasemaje, nimeiandika mwenyewe hapo juu. Nikatoa simu mfukoni ili nipate muda, kama ninavyowashauri wengine. Ilikuwa imehamia Zambia, haina mtandao wa kufungulia kitu chochote, na saa imerudi nyuma.